Picha ya Nani?

Bibi yangu mzaa mama, aliyekuwa msichana hapa Mji Mkongwe katika miaka ya 1950, hakuwahi kunitajia hata mara moja jina la picha aliyokwenda kuitazama sinema. Alisema "picha ya Raj Kapoor", au "picha ya Nargis", au "ile ya Dilip Kumar aliyokufa mwisho", na kwake yeye maelezo hayo yalikuwa yamekamilika, ingawa Dilip Kumar alikufa mwisho katika picha nyingi. Kwa watu wa rika lake, swali lililoulizwa barazani siku ya Jumapili halikuwa "leo kuna picha gani?" bali "leo kuna picha ya nani?" Nilipokuwa mdogo nilidhani kwamba ni usahaulifu wa uzee, kwa sababu majina ya picha za Kihindi hayakuwa mepesi kushika. Miaka mingi baadaye, nilipoanza kusoma namna makampuni ya filamu yanavyofanya biashara yao, nilitambua kwamba bibi hakusahau kitu. Alikuwa ndiye mteja hasa waliyemtaka, amefundishwa namna ya kuuliza na watu wa mbali ambao hata Unguja hawakujua iko wapi.

Wakati huo mji ulikuwa na sinema tatu ambazo wazee wetu hawachoki kuzitaja: Majestic ya Vuga, Empire ya Darajani, na Sultana ya Malindi, ambayo baada ya Mapinduzi ilijulikana kwa jina la Cine Afrique. Kulikuwa na maonyesho ya wanawake peke yao, na bibi alisimulia kwamba yeye na wenzake, wakitumwa dukani, walipita makusudi njia ya mbali ili wayaone mabango yaliyotundikwa nje, huku wamejifunika mabuibui yao na kujifanya hawatazami. Nilimuuliza waliona nini katika mabango hayo. Akanijibu kwamba waliona nyuso, na kwamba uso wa Raj Kapoor ulitosha, kwani ukishauona ulikwishajua kwamba utacheka, kisha utalia, kisha utatoka na wimbo wa kuuimba wiki nzima.

Jibu hilo lina ndani yake biashara yote ninayotaka kuieleza. Filamu ni bidhaa ngumu kuuza kuliko inavyodhaniwa, kwa sababu mnunuzi hulipa kwanza na kuonja baadaye. Anayenunua embe sokoni Darajani hulibonyeza na kulinusa, na anayenunua samaki humfunua matamvua kuona kama bado ni mekundu, lakini anayesimama dirishani kununua tiketi hana cha kubonyeza wala cha kufunua. Jina la mwigizaji anayemjua ndilo linalojaza nafasi hiyo. Si kwamba studio inauza uigizaji wake, maana uigizaji huo bado haujaonekana na mtu yeyote. Inauza kumbukumbu ya picha iliyopita, na kumwahidi mtazamaji kwamba furaha ile aliyoipata wakati ule ataipata tena kwa tiketi mpya.

Jambo la kushangaza ni kwamba wenye makampuni hawakulitaka jambo hili hapo mwanzo. Katika miaka ya kwanza ya filamu nchini Marekani, majina ya waigizaji hayakuandikwa popote. Wapo waigizaji wa jukwaani walioona haya kujulikana kwamba wanacheza mbele ya kamera, lakini sababu kubwa zaidi ilikuwa ya fedha: tajiri alihofu kwamba mfanyakazi wake akijulikana atadai mshahara mkubwa. Watazamaji, hata hivyo, hawangojei ruhusa ya mtu katika kupenda. Waliandika barua kumuulizia msichana fulani waliyemwona mara kwa mara katika picha za kampuni ya Biograph, na kwa kuwa hawakumjua jina walimwita tu "Binti wa Biograph".

Binti huyo alikuwa Florence Lawrence, na kisa chake cha mwaka 1910 ninakihesabu kuwa ndiyo kitabu kizima cha utangazaji wa filamu kilichoandikwa kwa ukurasa mmoja. Mfanyabiashara Carl Laemmle, mwenye kampuni iliyoitwa IMP, alimchukua kutoka Biograph. Haukupita muda, magazetini zikatokea habari kwamba Florence Lawrence amegongwa na gari la reli mjini New York na kufariki. Laemmle akalipia tangazo la kukanusha kwa ghadhabu, akidai kwamba maadui zake ndio walioueneza uwongo huo, na kwamba bibi huyo yu hai, mzima, na sasa anacheza picha za IMP. Kisha mwezi wa Machi akampeleka katika mji wa St. Louis ili watu wamwone kwa macho yao kwamba hakufa, na umati mkubwa ukamlaki kituoni. Wanahistoria wengi wanaamini kwamba habari ya kifo ilitungwa na Laemmle mwenyewe, na mimi sioni ugumu wowote wa kuwaamini. Alimuua mwigizaji wake kwa siku chache ili amfufue akiwa na jina.

Ile hofu ya matajiri nayo ikatimia kama walivyoihofia. Mwaka 1916 Charlie Chaplin alitia saini mkataba wa dola 670,000 kwa mwaka mmoja, akiwa kijana wa miaka 26, na mwaka 1919 yeye pamoja na Mary Pickford, Douglas Fairbanks na mwongozaji D. W. Griffith wakaunda kampuni yao wenyewe, United Artists, ili wasimuuzie mtu mwingine majina yao. Studio zilijifunza kutokana na hilo. Kama jina ni mali, basi ni bora limilikiwe na kampuni tangu kuzaliwa kwake, na ndivyo ulivyojengeka utaratibu wa kumchukua kijana asiyejulikana, kumfunga kwa mkataba wa miaka saba, kumbadilisha nywele na meno na namna ya kusema, kumwandikia historia ya maisha ya kupendeza, na kumpa jina jipya linalokaa vizuri juu ya bango. Archibald Leach akawa Cary Grant. Olivia de Havilland alilazimika kwenda mahakamani California dhidi ya Warner Bros., na mwaka 1944 ikaamuliwa kwamba miaka saba maana yake ni miaka saba, na kwamba studio haiwezi kuirefusha kwa kuongeza siku ambazo mwigizaji alisimamishwa kazi kwa kukataa picha asizozitaka.

Mwaka huo huo wa 1944, huko Bombay, kijana aliyeitwa Yusuf Khan alionekana katika picha yake ya kwanza akiwa na jina la Dilip Kumar, alilopewa kwa shauri la Devika Rani, aliyekuwa akiiongoza studio ya Bombay Talkies. Nilipomweleza bibi kwamba Dilip Kumar wake alikuwa Yusuf, alinyamaza kidogo, kisha akasema kwamba yeye alikwishajua siku nyingi kutokana na namna alivyokuwa akiinamisha macho mbele ya wakubwa. Sikubishana naye. Lakini nilifikiri sana juu ya jambo hilo: studio ilikadiria kwamba jina lile lingefika mbali zaidi kuliko jina alilopewa na baba yake, na likafika kweli, likavuka bahari mpaka Majestic ya Vuga.

Jina likishakuwa mali, watu hugombania pahala pa kuliweka. Mikataba ya waigizaji wakubwa hueleza jina litakaa juu ya jina la filamu au chini yake, litatangulia au litafuata, na herufi zake zitakuwa na ukubwa wa kiasi gani zikilinganishwa na herufi za jina la filamu yenyewe. Mfano ninaoupenda ni ule wa The Towering Inferno ya mwaka 1974, ambamo Steve McQueen na Paul Newman walicheza pamoja na kila mmoja alistahiki kutangulia. Suluhisho likawa kwamba jina la McQueen liwekwe kushoto, na la Newman liwekwe kulia lakini juu kidogo. Anayesoma kutoka kushoto huanza na McQueen. Anayesoma kutoka juu huanza na Newman. Kila mmoja akaweza kwenda kwa watu wake na kuwaambia kwamba yeye ndiye wa kwanza. Nimewahi kuona kadi za harusi hapa kwetu zilizopangwa kwa hekima kama hiyo, pale familia mbili zinapokuwa na wazee wanaogombania kutajwa mwanzo.

Wakati mwingine jina hutangulia pasipo na uwiano wowote na kazi iliyofanywa. Katika Superman ya mwaka 1978, Marlon Brando anaonekana kwa muda usiofika dakika 20, akalipwa dola milioni 3.7 pamoja na fungu la mapato, na jina lake likawa la kwanza. Christopher Reeve, ambaye ndiye Superman mwenyewe, jina lake likaja baada ya Brando na Gene Hackman. Mtu anaweza kuiita dhuluma, lakini mwenye kuuza alikuwa na hesabu yake: hapana mtu aliyemjua Reeve, na hadithi ya mtu anayeruka angani akiwa na joho jekundu ilihitaji mtu mzito wa kuidhamini isionekane mchezo wa watoto.

Sisi tuliokulia Ng'ambo, upande wa pili wa mji wetu, katika zama za kanda za video tulikuwa na kanuni moja tu kuhusu filamu: stelingi hafi. Adui anaweza kumpiga, kumfunga, kumtupa baharini, lakini stelingi hafi, na anayebisha hajui picha. Tulijuaje nani ni stelingi? Kwa kutazama jalada. Yule mwenye uso mkubwa kuliko wote ndiye, na ukishamjua unaweza kutulia. Kumbe wenye kutengeneza picha walikwishaijua imani yetu na kuitumia dhidi yetu. Alfred Hitchcock alimchukua Janet Leigh, aliyekuwa na jina kubwa, akamfanya auawe bafuni kabla ya picha ya Psycho ya mwaka 1960 kufika nusu, na kwa ajili hiyo akataka watu wasiruhusiwe kuingia ukumbini picha ikishaanza. Mwaka 1996 watengenezaji wa Scream wakauweka uso wa Drew Barrymore katika bango, kisha wakamuua katika onyesho la mwanzo kabisa. Nakumbuka siku tulipoiona kanda hiyo kwa jirani: ndugu yangu mmoja alishikilia kwamba kanda imekatwa, na kwamba Drew Barrymore atarudi mbele. Tulikaa mpaka mwisho tukimngoja.

Hata hivyo, udanganyifu wa aina hiyo bado una adabu yake, kwani mtu huyo aliyetangazwa yumo kweli. Upo mwingine usiokuwa na adabu, na huo ulimfika ami yangu.

Bruce Lee alifariki Hong Kong tarehe 20 Julai 1973, akiwa na miaka 32, na picha yake iliyomtangaza dunia nzima, Enter the Dragon, ilitolewa Marekani mwezi uliofuata. Ikawa jina limepanda juu kabisa wakati mwenyewe hayupo tena. Wafanyabiashara wa filamu hawakukubali kwamba kifo ni kikwazo. Wakatafuta vijana wanaofanana naye, wakawapa majina kama Bruce Li na Bruce Le, wakawavisha miwani meusi, na kuzitawanya picha hizo kila pembe ya dunia ambako watu walikuwa wakisubiri picha mpya ya marehemu. Ami, aliyekuwa na miaka kumi na mitatu wakati huo, aliweka akiba ya vijisenti alivyopewa kwa kubeba maji, akaenda katika sinema moja ambayo sitaitaja, akatazama bango lenye mtu aliyevua shati na jina la BRUCE kwa herufi kubwa nyekundu, akalipa na kuingia. Anasema alitambua tangu mwanzo, mtu yule alipotembea tu kabla hata ya kupiga teke. Alitoka nje na kurudi kwenye bango, akalisoma tena taratibu, na ndipo alipoona kwamba baada ya BRUCE palikuwa na neno dogo la herufi mbili. Alikwenda kwa mkata tiketi kudai fedha zake. Mkata tiketi akamuuliza: "Wewe umeahidiwa Bruce, huyo si Bruce?"

Ami anaisimulia habari hii mpaka leo kwa uchungu ambao hauendani kabisa na kiasi cha fedha alizopoteza. Nami ninamwelewa. Kama jina ni dhamana, basi hapo ilighushiwa dhamana. Wala haikuishia kwa wanaoiga, kwani mwaka 1978 ilitolewa Game of Death, picha ambayo Bruce Lee aliiacha haijakamilika; waliokuja baadaye wakaiongezea hadithi mpya na watu wa kumwigiza, katika onyesho moja wakabandika sura yake ya karatasi juu ya kioo ili ionekane kwamba yeye ndiye anayejitazama, na picha halisi za mazishi yake zikatiwa humo kama sehemu ya mchezo. Bango, bila ya shaka, lilikuwa na jina lake.

Watazamaji tunadhani kwamba majina makubwa yanawekwa kwa ajili yetu sisi tunaonunua tiketi. Lakini mara nyingi jina huwa limekwishafanya kazi yake kubwa kabla hata kamera haijafunguliwa. Mtayarishaji asiyekuwa na studio kubwa nyuma yake huenda katika masoko ya filamu, na lililo maarufu zaidi ni lile la Cannes, Ufaransa, kila mwezi wa Mei, akiwa na hadithi mkononi na orodha ya waigizaji waliokubali. Wasambazaji wa Ujerumani, wa Japani, wa nchi za Kiarabu na wa kwengineko humuuliza swali moja kabla ya kuisoma hadithi yenyewe: yumo nani? Wakiridhika na jibu hununua haki ya kuionyesha picha katika nchi zao hali ya kuwa picha haipo, na mtayarishaji huichukua mikataba hiyo akaiweka rehani benki na kupata fedha za kutengenezea. Kwa hiyo jina la mwigizaji ni hati inayokopeshwa fedha, sawa na hati ya shamba. Nilipolifahamu hilo nilielewa kwa nini DVD nyingi zilizokuwa zikiuzwa Darajani zilikuwa na jalada lenye uso mkubwa wa mwigizaji aliyetamba zamani, akiwa ameshika bastola, na ukiitia kwenye mashine ukamkuta anaonekana mara mbili tu, amekaa kitini, anaongea kwa simu. Uso ule haukuwekwa kwa ajili yangu. Uliwekwa kwa ajili ya msambazaji, na mimi niliupata kama masazo.

Picha ikishakuwa tayari, mwigizaji huwa na kazi ya pili, ambayo wengi wanasema inachosha kuliko ile ya kwanza. Hufungiwa katika chumba cha hoteli siku nzima, waandishi wa habari wakiingizwa mmoja baada ya mwengine kwa dakika chache, kila mmoja akiuliza yaliyoulizwa na mwenzake, naye akijibu na kucheka kana kwamba ndiyo anayasikia kwanza. Hupelekwa katika vipindi vya televisheni, hukanyaga zulia jekundu katika miji mitano kwa wiki, na siku hizi hutakiwa aingie na simu yake mwenyewe mtandaoni kuzungumza na mamilioni ya wafuasi, jambo ambalo linaipa studio tangazo lisilolipiwa gazeti. Wahindi wamelibobea sana hilo. Ilipotoka Ghajini mwaka 2008, Aamir Khan alinyoa kichwa kwa mtindo wa mhusika wake, wafanyakazi wa majumba ya sinema wakanyolewa vivyo hivyo, na yeye mwenyewe akashika mashine akawanyoa watu. Hata hapa Unguja nilikuwa na rafiki aliyekwenda kwa kinyozi wa Kikwajuni na kurudi na mistari miwili kichwani, akafukuzwa skuli mpaka zitakapoota.

Thamani halisi ya kazi hii ilionekana pale ilipositishwa. Tarehe 14 Julai 2023 chama cha waigizaji cha Marekani kiligoma, na kwa muda wa mgomo, uliomalizika tarehe 9 Novemba, wanachama hawakuruhusiwa kucheza wala kuzitangaza picha za studio kubwa. Siku moja kabla ya hapo, waigizaji wa Oppenheimer waliondoka katika uzinduzi wao London kabla picha haijaonyeshwa. Warner Bros. walikuwa na sehemu ya pili ya Dune, ambayo ilitarajiwa kutolewa mwezi wa Novemba mwaka huo, wakaamua kuiahirisha mpaka Machi 2024, hasa kwa kuwa wenye nyuso hawakuweza kutembea kuinadi. Kampuni yenye bidhaa iliyo tayari na fedha nyingi zilizokwishatumika ikakubali kuifungia kabatini kwa miezi minne. Sina ushahidi mwengine ulio mzito kuliko huo.

Nisije nikafanya kama kwamba mambo haya ni ya Hollywood na Bombay peke yake. Marehemu Steven Kanumba, aliyefariki Dar es Salaam tarehe 7 Aprili 2012, aliifahamu biashara ya nyuso vizuri kuliko wasambazaji wake. Alipomwalika Ramsey Nouah wa Nigeria acheze naye, hakuwa anatafuta mwigizaji tu, kwani waigizaji walikuwapo. Alikuwa anauazima uso ambao Watanzania walikwishauzoea katika picha za Kinaijeria, ili nao umfikishe yeye kwa Wanaijeria. Na katika vibanda vya video tulivyokulia kulikuwa na jambo ambalo sijui kama studio za Marekani zina habari nalo: jina lililouza halikuwa la Stallone wala la Schwarzenegger, bali la Lufufu, na baadaye DJ Murphy, watu waliokaa na kipaza sauti wakiisimulia picha kwa Kiswahili na kuongeza maneno yao. Ubaoni pakiandikwa "Lufufu", kibanda kilijaa. Picha ilikuwa ya Mmarekani, lakini ukiuliza ni ya nani, uliambiwa ni ya Lufufu.

Wakati mwengine anayeuza picha si mwigizaji kabisa. Mwaka 2018 picha kuhusu mwimbaji Freddie Mercury, aliyezaliwa hapa hapa mjini mwaka 1946 akiitwa Farrokh Bulsara, iliingiza zaidi ya dola milioni 900, na wengi walioitazama hawakumjua Rami Malek kabla ya siku hiyo. Walimfuata marehemu, na baadhi yao wakamfuata mpaka kwenye makumbusho yake pale Shangani. Amil Shivji alipoitengeneza Vuta N'kuvute mwaka 2021, na ikaonyeshwa katika tamasha la Toronto, nyota kwetu sisi ilikuwa ni jina la riwaya ya Adam Shafi tuliyoisoma skuli. Na mwezi wa Aprili 2022 ilizinduliwa New York filamu ya kuitangaza Tanzania ambayo mwenye kuongoza msafara ndani yake alikuwa Rais Samia mwenyewe, mzaliwa wa Kizimkazi. Siku ile mtu akiuliza ni picha ya nani, jibu lilikuwa jepesi.

Jioni nyingi mimi hunywa kahawa Jaws Corner, njiapanda ambayo, kwa wanavyosimulia wakubwa, ilipata jina lake kutokana na picha ya papa iliyokuwa ikionyeshwa pale katika televisheni. Picha hiyo ya mwaka 1975 ilitangazwa kwa wingi katika televisheni kabla ya kufunguliwa Marekani katika majumba zaidi ya 400 kwa siku moja, jambo lililobadilisha namna ya kuuza filamu, na bangoni aliyekuwa mkubwa ni papa, wala si Roy Scheider na wenzake. Wanaokaa pale kila siku hawawezi kumtaja mwigizaji hata mmoja. Ninaona kwamba studio zimerudi huko, kwani siku hizi zinauza mavazi zaidi kuliko watu, na joho au kofia ya ngao haidai mshahara mkubwa wala haigomi. Spider-Man amechezwa na watu watatu tangu mwaka 2002, na mwaka 2021, walipokutanishwa wote katika picha moja, wawili wa zamani hawakuwekwa bangoni, na Andrew Garfield aliulizwa mara nyingi na akakana kila mara kwamba yumo. Kila alipokana, watu walizidi kuamini. Miaka zaidi ya mia moja baada ya Biograph, majina yakafichwa tena, lakini safari hii kufichwa kwenyewe ndilo tangazo.

Wiki iliyopita kijana mmoja alikuwa pale Jaws Corner akimsimulia mzee wetu mmoja, mtu wa rika la bibi, habari za picha hiyo, namna watu walivyopiga makelele ukumbini. Mzee alimsikiliza mpaka akamaliza, akaweka kikombe chini, akamuuliza:

"Ya nani hiyo?"

"Ya Spider-Man, babu."

"Hayo ni mavazi. Nimekuuliza ya nani."

Kijana akafungua simu yake kutafuta jina. Alikuwa bado anatafuta nilipomaliza kahawa yangu.